Almasi Nyeusi, Tone la Maji na Kamongo wa Mkwe

Mimi ni Akinyi, binti wa Ogada na Nyangweso. Baba alilima mtama na kuchunga ng'ombe ambao wengi wao hawakuwa wake. Mama alikuwa mfinyanzi. Nilizaliwa Nyakach, juu kidogo ya soko la Pap Onditi, katika nyumba ambayo baadaye ilimezwa na korongo lililochimbwa na mvua. Sikupelekwa shule. Kaka yangu alipelekwa, akarudi akiwa anajua kusoma, na kwa muda mrefu kazi yake kubwa ikawa kuwasomea majirani barua zao, kisha kuwasimulia majirani wengine yaliyomo.

Anayeandika maneno haya ni mjukuu wangu Atieno, ambaye ataanza kazi ya maabara mwezi ujao na anadhani anajua kuosha chupa. Nimemkataza kupamba. Ninyi vijana wengine mnaoelekea kwenye kazi kama hiyo mnaweza kusikiliza pia, mradi msinikatize.

Nilifanya kazi miaka kumi na saba katika maabara moja hapa Kisumu, inayopima maji ya ziwa. Niliingia nikiwa mfagiaji. Kazi iliyokuja kunifaa kuliko zote ilikuwa kubadilisha ngozi ya almasi. Watu wakisikia hivyo hutazama vidole vyangu. Sina pete. Almasi niliyoishika ilikuwa nyeusi kama masizi ya sufuria, imetandazwa juu ya kipande chembamba kilichotoshea kwenye ncha ya kidole. Thamani yake ilikuwa katika jambo moja: ukikitumbukiza kipande hicho katika maji na kukipitishia umeme kidogo, utajua kama maji yana risasi au shaba. Weusi wake ulitokana na boroni, iliyochanganywa ndani ili almasi ikubali umeme. Almasi nyeupe ya pete haipitishi umeme, wala haikuambii lolote kuhusu maji unayokunywa.

Sasa nitawaeleza jambo ambalo wasomi hulieleza kwa saa nzima. Almasi ni kaboni, kama makaa. Ndani yake kila chembe ya kaboni ina mikono minne, na yote minne imeshikana na majirani. Lakini chembe zilizo juu kabisa hazina jirani upande wa juu, kwa hiyo kuna mkono unaobaki mtupu, na mkono mtupu hautulii. Ukikutana na haidrojeni utaishika, na almasi itayakataa maji: tone litasimama juu yake kama linavyosimama juu ya jani la nduma. Ukikutana na oksijeni utaishika hiyo, na almasi itayapenda maji: tone litalala na kutandaa. Ndani hakuna kilichobadilika. Kilichobadilika ni safu moja ya juu, nyembamba mno hata jicho haliioni. Lakini maji yanaiona, na umeme unaiona, na kipande chenye ngozi isiyo yake kitakupa jibu lisilo la kweli bila aibu yoyote.

Mimi sikushangaa. Mama yangu alifinyanga vyungu viwili kwa udongo mmoja. Cha maji alikiacha kitoe jasho ili maji yapoe. Cha mboga alikisugua kwa jiwe laini, na kikiwa bado na moto wa tanuri alikipaka uji ili vitundu vizibe. Udongo mmoja, ngozi mbili, kazi mbili. Profesa wetu alipomaliza kunieleza habari za mikono minne, nilimwambia nimeelewa. Aliuliza kama nina hakika. Nilimwambia aendelee na kazi yake.

Zamani tuliiweka oksijeni kwa kuichemsha almasi katika asidi. Aliyechemsha ni fundi wa maabara, Mzee Okeyo, mtu wa Awasi, nami nilifagia vilivyoanguka. Asidi ile ilikula aproni yangu, ikala ufagio, ikala sehemu ya sakafu ambayo mpaka leo imefunikwa kwa dawati. Mzee Okeyo alikuwa na kanuni moja ya usalama.

"Akinyi," alisema, "ukiniona nakimbia, usiulize."

Alikimbia mara mbili. Sikuuliza.

Kisha ikaja mashine ya plazma. Ni chumba kidogo cha kioo, ukubwa wa sufuria ya ugali wa watu sita, chenye mlango, bomba na pampu. Unaweka kipande ndani. Pampu inafyonza hewa yote. Unaingiza oksijeni kidogo sana, kisha umeme unaitikisa oksijeni hiyo mpaka inavunjika na kung'aa. Hakuna mwali na hakuna moshi. Hiyo ndiyo plazma: hewa iliyovunjwavunjwa, na kila kipande chake kina njaa. Vipande hivyo vinaigonga almasi, vinang'oa haidrojeni, na oksijeni inakaa mahali pake. Dakika tatu zinatosha. Mkiacha nusu saa kwa kudhani kwamba kingi ni kizuri, oksijeni itamaliza ngozi na kuanza kuila almasi yenyewe. Kuirudisha haidrojeni kunahitaji mashine kubwa na joto kali. Hiyo hatukuwa nayo, kwa hiyo ukikosea hapa ulikuwa umekosea.

Mzee Okeyo alinifundisha mashine hiyo kwa sikio na kwa jicho, kwa sababu mimi sikuweza kusoma karatasi yake ya maelezo na yeye hakutaka kuisoma. Pampu nzima inanguruma kwa sauti moja, kama paka aliyeshiba. Ikianza kukohoa, mafuta yake yamechafuka. Mng'ao wa oksijeni safi umepauka, mweupe wenye ubuluu kwa mbali. Ukiona rangi ya waridi au zambarau, hewa ya nje inavuja. Zima, futa mpira wa mlango, anza upya. Msijidanganye kwamba waridi inapendeza.

Siku ya kwanza niliyoachwa peke yangu nilizima pampu kabla ya kuifungulia hewa iingie. Mafuta ya pampu yalipanda kwenye bomba mpaka ndani ya chumba cha kioo. Mzee Okeyo alitazama, akavuta kiti, akaketi.

"Umekaanga," alisema. "Sasa osha."

Niliosha siku mbili. Fungua hewa kwanza, ndipo uzime. Atieno, hilo lipigie mstari.

Kila kipande kilichotoka kwenye mashine nilikipima kwa tone moja la maji safi, nikainama mpaka jicho langu likawa sawa na meza, nikatazama kwa ubavu. Tone halitazamwi kutoka juu. Kutoka juu kila tone ni duara. Kwa kuwa siandiki, nilichora katika daftari langu: mstari kwa tone lililolala, kiduara kwa tone lililosimama. Profesa alilicheka daftari hilo kwa wiki moja, kisha akaanza kuliazima.

Nilikuwa na sheria pia. Kipande hakiguswi kwa kidole, hata kidole kilichooshwa, kwa sababu kidole cha binadamu ni kikaango. Anayejipaka mafuta ya ngozi hapiti mlangoni. Na chakula hakiingii katika chumba cha mashine, hata kikiwa kimefungwa, hata kikiwa cha mkubwa. Nilimtoa Profesa mwenyewe na andazi lake. Alisimama kwenye varanda akila huku akinitazama kupitia dirishani, nami nilifunga dirisha.

Mzee Okeyo alipostaafu, ufunguo wa mashine ulibaki kwangu. Hakuna aliyepanga hivyo. Ilitokea tu kwamba kila aliyeishika mashine baada yake aliikaanga.

Mnahitaji kujua hayo yote ili mwelewe kosa nililolifanya.

Katika wiki moja ya mvua za masika, vipande vilianza kugeuka. Jioni vilitoka kwenye mashine tone likiwa limelala kabisa. Niliviweka katika kabati la mbao tulilolitengea almasi peke yake, lenye kufuli. Asubuhi tone lilisimama. Siku ya pili vivyo hivyo. Vipande vilikuwa vya mwanafunzi mmoja aliyeitwa Kiprono, kijana wa Kericho, mpole, aliyekuwa akipima maji ya mto karibu na mashamba ya mpunga.

"Mama, hii kitu imekataa," alisema.

"Haijakataa. Imegeuka."

"Tofauti ni gani, Mama?"

"Iliyokataa haikubali tangu mwanzo. Hii ilikubali jioni."

Profesa alikuja akasimama mlangoni, kwa kuwa alikuwa na chai mkononi.

"Mama Akinyi, hukuchanganya mitungi ya gesi?"

"Mtungi wa haidrojeni uko chumba kingine, na ufunguo wake unao wewe."

"Basi labda ni mkono."

"Mkono wa nani?"

Alitazama dari. Kisha alinieleza, kwa upole ambao sikuuomba, kwamba wakubwa wake walikuwa wameuliza mara kadhaa kwa nini mashine kama ile iko chini ya mtu asiyeweza kusoma lebo. Kulikuwa na kijana mwenye diploma aliyekuwa akingoja nafasi. Siku ya Ijumaa angeamua. Kama ni mashine, itapelekwa Nairobi ikatengenezwe. Kama ni mkono, nitarudi kwenye ufagio.

Sina ugomvi na ufagio. Lakini nimeishi maisha yangu yote nikiwauliza waliosoma hiki ni nini, kile kimeandikwaje, basi hili linakwenda wapi. Mashine ile ilikuwa kitu pekee ambacho waliosoma walikuja kuniuliza mimi. Nilikuwa na siku mbili.

Nilifanya hivi, nanyi mtafanya hivi mkipatwa na jambo kama hilo. Nilichukua vipande vitatu nikavitia plazma pamoja, dakika tatu. Vyote vitatu, tone lililala. Kimoja nilikifungia katika chupa ya kioo yenye kifuniko. Viwili niliviweka kabatini kama kawaida. Asubuhi, cha chupani tone lililala. Vya kabatini tone lilisimama. Hapo mtu wa haraka angesema amemaliza. Mimi nilichukua kimoja cha kabatini, nikakiosha kwa spiriti, nikakikausha, nikaweka tone jingine. Lililala. Halikutandaa kama lilivyotandaa jana yake, lakini lililala.

Sasa fikirini. Kama oksijeni ingekuwa imeondoka na haidrojeni imerudi, spiriti isingesaidia. Mafuta huoshwa, ngozi haioshwi. Kwa hiyo ngozi ilikuwa sawa, mashine ilikuwa sawa, na mkono ulikuwa sawa. Kitu chenye mafuta kilikuwa kinaelea kabatini na kukaa juu ya almasi. Ngozi iliyotoka kwenye plazma ni kama mgeni mwenye njaa, hushika chochote kinachopita mbele yake.

Kiprono alifurahi mno. Aliingiza kichwa kabatini kutafuta, akakitoa.

"Mama, humu kunanuka samaki."

"Hapa ni Kisumu."

"Hapana, Mama. Hii si ya nje. Hii samaki imekuwa ndani."

Nilimwambia kwamba mtu wa Kericho aulizwe kuhusu majani chai. Kisha nikaingiza kichwa changu, nikavuta pumzi, nikakumbuka.

Jumatatu ya wiki ile, saa nne asubuhi, mkwe wangu Mama Adongo alikuja kunisalimu kazini akitoka Ahero. Huyu ni mama mzaa baba yake Atieno, yaani bibi yake wa upande wa pili, na tangu watoto wetu waoane alikuwa hajakanyaga kwangu. Alibeba kamongo mzima, yule samaki wa matopeni anayepatikana kwenye mitaro ya mpunga, amekaushwa kwa moshi, amefungwa kwa karatasi na juu yake kitambaa. Zawadi ya mkwe haikataliwi. Haifunguliwi mbele ya watu. Na kwetu haiwekwi chini. Meza zote zilikuwa na chupa. Nje mvua ilikuwa ikinyesha. Mahali pakavu, safi na penye kufuli palikuwa kabatini tu. Nilimweka kamongo rafu ya juu, nikafunga. Kisha nikamkaribisha mkwe chai kwenye varanda, kwa sababu chakula hakiingii katika chumba cha mashine.

Mchana wa siku hiyo hiyo nilimtoa mwanafunzi mmoja chumbani kwa sababu ya njugu mbili.

Jioni nilimbeba kamongo nyumbani. Alikuwa mnene, mafuta yamemtoka mpaka kwenye kitambaa. Moshi wake na mafuta yake vilibaki kwenye mbao. Pua yangu haikuniambia kitu. Mtu aliyezaliwa karibu na ziwa hili hasikii harufu ya samaki, kama vile hasikii mapigo ya moyo wake.

Siku ya Alhamisi nilimweleza Profesa majaribio yangu yote matatu. Daftari lilikuwa mezani, na hata kiduara kimoja hakikubishaniwa. Alifurahi. Alisema mashine haiendi Nairobi na ufunguo unabaki kwangu. Kisha akauliza mafuta ya kabati yametoka wapi, na kabla sijafungua kinywa akajijibu mwenyewe.

"Ni vanishi. Yule seremala alilipaka upya mwezi jana. Alitumia vanishi mbaya. Nitamwita aje alichukue, na zile meza sita tulizomwahidi nitampa mtu mwingine."

Nilinyamaza. Kiprono alinitazama, akaona uso wangu, naye akanyamaza. Nilifunga mlango wa mashine kwa ufunguo wangu, nikaenda nyumbani, nikapika, nikala. Nilikuwa nimeshinda.

Ijumaa asubuhi seremala alikuja na mkokoteni. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Hakugomba. Alifungua kabati, akanusa, akafunga. Akafungua tena.

"Prof, vanishi yangu hainuki hivi."

"Ndiyo hiyo," alisema Profesa. "Imeharibu kazi ya wiki nzima."

"Mama, wewe unakaa na hii kabati kila siku." Seremala alinigeukia. "Hebu nusa."

"Nimenusa."

"Ni vanishi?"

Profesa alikuwa amesimama pale, na Kiprono, na yule kijana wa diploma ambaye alikuwa amekuja kuona chumba. Ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye pindo la leso yangu.

"Ni kamongo," nilisema.

"Kamongo gani?" aliuliza Profesa.

"Wa mkwe."

Kiprono aligeukia ukuta. Mabega yake yalitikisika.

"Mama Akinyi. Uliweka samaki katika kabati la almasi?"

"Rafu ya juu."

"Na ile sheria ya chakula?"

"Ni yangu. Naijua."

Seremala alichukua kofia yake, akaipangusa, akaivaa. "Kamongo wa Ahero?" aliniuliza.

"Wa Ahero."

"Hao wana mafuta," alisema, akaondoka na mkokoteni mtupu. Zile meza sita alizitengeneza yeye, na moja yao haichezi hata leo.

Profesa alinyoosha mkono. Nilifungua pindo, nikampa ufunguo. Hakusema ni kwa muda gani, nami sikuuliza. Kijana wa diploma alipewa mashine siku hiyo hiyo. Alikuwa kijana mzuri. Alisoma lebo zote. Mimi nilichukua ufagio wangu mahali nilipokuwa nimeuacha miaka minane kabla, nikaona kwamba mwenye kuutumia baada yangu hakuujua kabisa.

Kabati lilipigwa msasa, likapakwa vanishi, likaendelea kunuka, mwishowe likawa la kuwekea mabuti ya mvua. Tangu wakati huo vipande huwekwa katika chupa za kioo zenye vifuniko, na hutiwa plazma siku ile ile vinapotumika. Hilo lishikeni. Msiamini tone la jana.

Wiki ya tatu nilikuwa nafagia varanda, nikasikia pampu ikikohoa. Nilifagia polepole. Mlango ulifunguliwa na kijana wa diploma akatoa kichwa.

"Mama, samahani. Hii rangi iko sawa?"

Sikuingia. Nilitazama kutoka kizingitini.

"Ni ya waridi. Inavuja. Zima, futa mpira wa mlango."

Alikwenda kuzima.

"Hewa kwanza," nilimwambia.

Alirudi siku iliyofuata, na nyingine, na baadaye akaja na kiti akakiweka karibu na kizingiti ili niwe nakaa. Ufunguo haukurudi kwangu. Nilistaafu nikiwa mfagiaji, na kwenye sherehe ya kuniaga Profesa alisema maneno mengi kunihusu ambayo hayakuwa na samaki ndani yake.

Sasa, Atieno. Maneno ya sherehe ile yaliandikwa kwenye karatasi, ikapewa fremu. Fremu itumie kwa picha ya mtu. Daftari langu la mistari na viduara ulitunze, na usijaribu kulinakili vizuri. Kuhusu hewa na pampu, kumbuka bila karatasi.

Ukurasa wa kamongo uuache wote. Mama yako atakuomba uufute, kwa heshima ya mkwe. Usiufute. Utaupeleka Ahero mwenyewe na kumsomea bibi yako wa kule, kwa sababu yeye hajui mpaka leo, na kila anaponiona huniuliza kwa nini nilikiacha kile chumba cha mashine. Mwambie kwamba hakukosea kuleta, na kwamba samaki alikuwa mtamu. Aliyechagua rafu ni mimi. Atacheka, na atakapomaliza kucheka msomee ile Alhamisi niliyonyamaza. Hapo usiharakishe.